Shangazi Ndani ya Mkanda

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, amekuwa akisema tangu nikiwa mtoto kwamba yeye yumo kwenye wimbo. Si kwamba alitungiwa. Anasema yumo ndani, anapiga manyanga, vile vibuyu viwili vyenye mbegu ambavyo mtu anavitikisa kufuata mwendo wa ngoma, na kwamba mwenye masikio atamsikia. Tabu ni kwamba nyumbani kwetu wote tuna masikio, na hakuna aliyewahi kumsikia.

Naandika habari hii kwa kuwa imekwisha, au nadhani imekwisha, na ningependa kila mtu apate haki yake humu, hata waliomcheka. Mimi niliishia darasa la saba. Mahali nitakapopinda, msomaji anyooshe mwenyewe.

Wimbo wenyewe ni wa bendi moja ya jazi ya Tabora, wa zile siku ambazo kila mji wenye stesheni ya reli ulikuwa na bendi yake, na kila bendi ilijiita jazi, hata ile yenye gita moja na ngoma ya kuazima. Jina lake siliandiki, maana wapigaji wachache bado wapo na ni watu wazima. Unaanza kwa gita la solo peke yake, halafu saksafoni inaingia kama mtu aliyechelewa kanisani, halafu mwimbaji anamlalamikia mkewe aliyekwenda kusalimia kwao akanogewa. Maneno yakiisha, magita yanachanganya, watu wanainuka. Hapo ndipo panapoitwa chemko.

Baba aliunasa kutoka redioni kwenye mkanda wa kaseti, na mkanda huo ninao hadi leo. Tulikuwa tunausikiliza nje, hapa hapa Unyambwa, Singida, kwenye redio ya betri. Gita lilisikika vizuri, saksafoni vizuri, lakini nyuma yake kulikuwa na mchakacho, shh-shh, shh-shh, tangu mwanzo hadi mwisho. Baba akiusikia alikunja uso na kusema, "Betri zimechoka hizo." Basi mmoja wetu alizitoa na kwenda kuzianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, zipate jua, zirudi na nguvu. Zikirudi, mchakacho uko pale pale. Siku nyingine upepo ndio uliobebeshwa lawama, na mtu asiyetujua aelewe kwamba upepo wa Singida hubebeshwa lawama nyingi na mara nyingi unastahili.

Kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Kabla tu ya chemko mchakacho ulikatika. Unakatika kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi, halafu unarudi. Baba alikuwa akiinua kidole pale na kusema, "Mmeona? Jua limesaidia."

Na kila mara shangazi akiwepo alikuwa akisema, "Jua gani? Huyo ni mimi. Hiyo shh-shh ni mimi."

"Hizo ni betri, dada," baba anajibu kwa upole, maana alikuwa mdogo wake.

Maelezo ya shangazi hayakubadilika hata siku moja, na hilo niliandike kwa upande wake. Mumewe alikuwa fundi cherehani huko Tabora, na bendi ilishona kwake sare. Siku watu wa redio walipokuja na gari lao la kurekodi, mumewe alimtuma apeleke suruali ukumbini. Alipofika akakuta mpiga manyanga ameshikwa na homa, amelala juu ya benchi, na watu wa redio wana haraka. Mkubwa wa bendi akamtazama, akamwona ameshika furushi la suruali, akasema, "Mama, weka hizo, shika hivi, wewe tikisa tu." Akatikisa. Wimbo ukaisha, akachukua hela ya suruali, akaenda zake.

Ni habari nzuri, lakini itazame vizuri. Mwanamke, tena siku zile, anaingia na suruali, anatoka amerekodi. Aliyekuwa na uhakika nayo ni yeye peke yake.

Aliyekuwa na uhakika kwamba si kweli ni mtani wangu. Huyu ni jirani, Mnyiramba, ana mashine ya kukamua alizeti hapo barabarani. Sisi Wanyaturu na wao ni watani, na yeye utani anaufanya kama kazi ya kuajiriwa. Adabu anayo, salamu haikosi, ila baada ya salamu shika roho yako.

"Shikamoo, mama wa redio."

"Marahaba, Mnyiramba usiye na haya."

"Leo umerekodi wimbo gani?"

"Nimerekodi kilio cha siku ya kukuzika wewe. Kifupi sana. Watu hawakuwa na machozi."

Hapo wote wawili wanacheka na mtani anaondoka na furaha. Lakini mimi niliyekuwa nikibaki niliona shangazi akicheka kidogo kidogo hadi anaacha, kisha anaendelea kupeta uwele wake. Utani haulipizwi kwa hasira, ndiyo sheria yake. Ila kuambiwa mwongo kila siku asubuhi, hata kwa kicheko, nadhani kunachosha.

Halafu mambo yakaharibika zaidi. Redio ya kaseti ilikuwa inakaribia kufa, nikaona nimtengenezee shangazi wimbo kwenye simu yake. Nikapeleka mkanda kwa dada mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Ni binti hodari, kazi yake safi, na hilo nalisisitiza. Nilipokwenda kuchukua aliniwekea spika za masikioni mwenyewe.

"Sikiliza, mzee wangu. Ulikuwa na uchafu mwingi huu, nimekusafishia wote. Nyinyi wazee mlikuwa mnavumilia sana."

Nikasikiliza. Gita liling'aa kama sufuria mpya. Mchakacho haukuwepo. Nilifurahi mno, hata nikamwambia baba angekuwepo angemkaribisha chai. Binti naye akauweka wimbo huo kwenye kila simu iliyopita kibandani pale, maana kitu kizuri anagawa.

Shangazi aliusikiliza akiwa amesimama. Ulipoisha akaurudisha mwanzo. Ulipoisha tena akanitazama.

"Nimekwenda wapi?"

"Umesafishwa, shangazi. Yaani wimbo umesafishwa."

"Mmepeta," akasema, "mkanitoa na pumba."

Mimi sikuamini kwamba alikuwemo, kwa hiyo sikuona tumemtoa wapi. Lakini niliona sura yake. Zamani alikuwa na kelele ya kuonyesha kwa kidole, ambayo sisi tuliiita betri. Sasa hata kelele hana, na mji mzima unatembea mifukoni na wimbo ambao yeye hayumo.

"Wale wazee wa bendi wangekuwa karibu," akasema, "mngenijua."

Yakapita majuma machache, ndipo ikaja habari kwamba wale wazee watakuwa karibu. Kuna mfanyabiashara wa alizeti kule Issuna ambaye mama yake aliugua sana akapona, akaandaa sherehe ya shukrani. Mama yake ni mpenzi wa jazi kuliko kitu chochote, na mwanawe akaapa kuwaleta waliobaki wa bendi ile kwa gharama yoyote. Mtani ndiye aliyeleta habari, maana anamuuzia yule tajiri mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Alikuja mbio hadi uani.

"Shikamoo. Wenzako wanakuja Jumamosi! Wanauliza suruali zao!"

Nilidhani shangazi ataruka. Hakuruka. Alisema, "Vizuri," akaingia ndani. Kesho yake akasema mguu unamuuma. Keshokutwa mguu ule mwingine.

Nilikaa naye jikoni nikamuuliza kama hataki kwenda.

"Niende nikafanye nini? Wakinitazama wasinijue?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Miaka yote sisi hatukumwamini, lakini tulikuwa hatujui kitu, na yeye alijua kwamba hatujui kitu. Wazee wale wanajua. Wakisema hawamkumbuki, hakuna tena pa kukata rufaa, na mtani atakuwa amesimama pale pale anasikia. Nilimwambia asiende kama hataki. Nilimwambia pia kwamba asipokwenda hatutajua kamwe. Nilisema yote mawili kwa sababu yote yalikuwa kweli, na sidhani nilimsaidia.

Jumamosi alitoka amevaa vitenge vipya, mguu umepona, akapanda mbele kwenye kirikuu cha mtani, kile kigari chake cha mizigo. Mimi nikakaa nyuma na magunia ya mashudu.

Issuna tulikuta turubai limefungwa, sufuria zinachemka, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba. Wazee walikuwa wanne, wamekaa kwenye viti vya plastiki kama watu wanaosubiri kuitwa dirisha la dawa. Wa gita la solo, mrefu, kavaa koti na kandambili, aliomba mto wa kukalia. Wa saksafoni alikuwa mfupi na alikula pilau mara mbili, hadi watu wakaanza kuulizana pumzi itapita wapi. Wa besi alikuwa amelala kabisa. Wa nne alikuwa wa gita la kati, anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Waliobaki walikuwa vijana wa kuwasaidia: mwimbaji, mpiga dramu, na mmoja mwembamba mwenye manyanga.

Wimbo wa kwanza ulikuwa mbaya. Nasema ukweli. Besi ilikwenda huku, gita huku, na yule mwimbaji kijana alikuwa anapiga kelele "mikono juu" kwa watu walioshika sahani. Nilijisikia vibaya, nikafikiri, bora ningebaki na mkanda. Kwenye mkanda wale watu walikuwa vijana daima na hakuna aliyekuwa anaumwa magoti.

Wimbo wa pili ulikuwa nafuu. Wa tatu, mzee wa besi alifumbua macho yote mawili, na kuanzia hapo kitu kikakaa sawa. Siwezi kueleza vizuri. Ni kama wakati watu wanaobeba kabati wanapopata mshiko. Dakika ile ile kabati linakuwa jepesi na hata wanaotazama wanapumua.

Ndipo yule mzee mrefu akaanza wimbo wetu. Kwenye mkanda nilikuwa nadhani mwanzo ule ni magita mawili. Ni moja. Kidole gumba kinatembea chini na vingine vinasema juu, na mguu wake wenye kandambili unapiga ardhi pa, pa, huku uso wake unatazama pembeni kama mtu anayesikiliza habari za majirani. Halafu yule wa saksafoni akavuta hewa, hkk, nikaisikia kutoka nilipokaa. Nikashtuka. Hiyo hkk naijua! Imo kwenye mkanda, na sisi tulikuwa tunasema ni mlango wa studio.

Koo langu lilikuwa kavu, nikatoka kwenda kutafuta maji upande wa jikoni, mbali kidogo, nyuma ya turubai. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kule kwenye muziki. Nimeshika kikombe, nimewapa mgongo, nikasikia shh-shh, shh-shh, shh-shh. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikasema moyoni: betri zimechoka. Niligeuka kabisa kutafuta redio iko wapi.

Hakukuwa na redio. Kulikuwa na kijana mwembamba anatikisa manyanga.

Kwa karibu ni mlio wa mbegu, unaweza karibu kuzihesabu. Kwa mbali, na upepo juu yake, ni ule mchakacho wenyewe. Nilibaki na kikombe mkononi nikawaza zile betri, tulivyozipanga juu ya jiwe kwa uangalifu, tukizigeuza, tukiomba jua litutolee manyanga kwenye wimbo.

Nikarudi mbio kwa shangazi.

"Shangazi, ni manyanga!"

"Nini ni manyanga?"

"Ule mchakacho. Ule wa kwenye mkanda. Si betri."

Alinigeukia. "Na mimi miaka yote nimekuwa nikikwambia nini?"

Mtani alikuwa nyuma yetu na mfupa wa mbuzi. Sitamwonea: alisema jambo la haki. "Haya, ni manyanga, nimekubali. Sasa ya nani? Bendi ina mpiga manyanga wake. Duniani manyanga ni ya mama huyu peke yake?" Ni kweli. Tulikuwa tumethibitisha kelele, mwenye kelele bado. Nilitafuta kasoro kwenye maneno yake nikakosa, na shangazi naye alikosa, akaanza kukunja kona ya kitenge chake.

Kisha mtani akafanya kitu ambacho mimi, ndugu wa damu, nisingeweza kukifanya. Wimbo ulipoisha alikwenda mbele, akamnyang'anya yule kijana manyanga mikononi, akachukua na kipaza sauti. Kijana akabaki ameshangaa. Mwenye sherehe akainuka kwenye kiti.

"Wazee wangu, shikamooni! Kuna mama hapa Mnyaturu anasema alirekodi wimbo huu na nyinyi. Ametusumbua mtaa mzima. Mpimeni! Kama ni mwongo tunamzika leo, mimi mwenyewe nachimba."

"Huyo ni nani?" mzee wa gita akauliza.

"Mtani wake!" watu wakajibu kwa pamoja, na mwenye sherehe akakaa. Likiwa la utani halina kesi. Angelifanya mtu mwingine, angefukuzwa kwa kupigwa miavuli.

Shangazi alisukumwa mbele. Alikwenda polepole, na nilimwona alivyoshika mikono yake kifuani. Mzee wa gita akamtazama, kutoka juu hadi chini, kisha tena. Hata waliokuwa wanagombea soda wakaziacha mezani.

"Mama, tulikuwa wengi sana," akasema mzee taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumvunja mwenzake. "Watu walikuja, watu wakaondoka. Sitakudanganya."

Mtani hakusema neno. Hilo naliandika kwa faida yake: alikuwa na nafasi ya kusema na akanyamaza, na uso wake haukuwa na ushindi.

"Twende tu," mzee akasema, akaanza tena wimbo ule ule kwa gita.

Shangazi aliingia kachelewa. Manyanga yalikuwa ya plastiki, mepesi, na mwanzoni alikuwa anayafukuza. Halafu akafumba macho. Mikono ikashuka chini ya kifua, mabega yakatulia, na nikaona ni mikono ile ile ya kupeta, ila badala ya ungo kuna wimbo. Yule kijana mwembamba aliyenyang'anywa alianza kutikisa kichwa, anakubali. Mzee wa besi akageuza kiti chake kidogo kumwelekea. Saksafoni ikavuta hkk yake, mke akaenda kusalimia kwao, akanogewa, na shangazi yuko nyuma yao shh-shh, shh-shh, hachoki, hakimbilii.

Tukakaribia chemko. Mimi nikakaza masikio, kwa sababu pale ndipo kwenye mkanda pana ule ukimya mfupi, na nikafikiri: kama ni yeye, atanyamaza pale. Hakunyamaza. Akapita pale moja kwa moja, sawasawa kama yule kijana alivyopita. Moyo ukanishuka. Nikamwangalia mtani, naye akaangalia chini.

Lakini mzee wa gita alikuwa ameinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa. Akamtazama shangazi. Vidole vinaendelea vyenyewe, mdomo ukasogea kwenye kipaza sauti, akasema:

"Leo mbeleko haijalegea?"

Hakuna aliyeelewa hata mmoja. Shangazi alifumbua macho, akapiga ukelele, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, manyanga ndani yake. Shh-shh ikakatika. Likabaki gita na besi tu, kwa muda wa pumzi moja, na ukimya ule niliujua kama ninavyoijua sauti ya baba. Halafu shangazi, anacheka huku machozi yanamtoka, akarudi kutikisa, na chemko likawaka, na mama yule aliyepona akainuka kwenye kochi lake bila kushikwa na mtu.

Baadaye, wazee wakinywa chai, mzee wa gita alitueleza. Yule mama wa suruali alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Karibu na chemko mbeleko ikalegea, mtoto akaanza kuteleza, mama akaacha manyanga, akafunga haraka, akashika tena, huku fundi wa redio anawapungia mkono waendelee. "Tulitaka turudie," mzee akasema, "wakasema hakuna muda. Mimi kila nikiusikia wimbo ule naingoja mbeleko. Sura yako nilikuwa nimeisahau, mama, unisamehe. Hukuwa na sura. Ulikuwa na mbeleko."

Nikamuuliza shangazi kwa nini hakutuambia jambo hilo, maana lingetosha.

"Ningewaambia nini? Kwamba nilifungua nguo mbele ya wanaume wenye saksafoni? Baba yako angenihamishia Kanda ya Ziwa."

Mtani alimshika mkono kwa heshima, akasema amekosa, na kwamba kaburi atalifukia. Kisha, kabla hatujafika Unyambwa, alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu barabarani kwamba yeye ndiye aliyemtoa shangazi ndani ya mkanda.

Kesho yake nilikwenda kibandani. Binti alisikitika kweli, akasema mashine yake haiwezi kujua uchafu ni upi na shangazi ni yupi, na ni kweli, hata sisi wenyewe tulikuwa hatujui. Ameniwekea wimbo kama ulivyo, na kila mtu anayepita anamtolea ule msafi anamwekea mchafu, akimweleza kwa nini.

Ninausikiliza sasa kila jioni. Zamani nilikuwa nasikia wimbo unatoka kwenye redio. Sasa nikisikia mwanzo ule namwona mzee na kandambili. Ile hkk inakuja na pilau. Niwe mkweli, kuna kilichopungua pia: mwimbaji wa kwenye mkanda, ambaye alikwishafariki, alikuwa kwangu sauti tu, haina mwili, na sasa kila akiimba nasikia kwamba pale Issuna kiti chake hakikuwepo. Kabla ya hapo sikuwa namkosa.

Habari ingeishia hapo, lakini shangazi alimpigia simu mwanawe. Mtoto yule wa mbeleko ni binamu yangu, leo ni mtu wa makamo anafanya biashara ya asali huko Mitundu. Shangazi akaweka sauti kubwa ili nisikie anavyoshangaa. Binamu alisikiliza yote, kisha akasema:

"Kwa hiyo na mimi nimo."

"Umo wapi?"

"Kwenye wimbo, mama. Mgongo wako si ulikuwa ukumbini?"

"Wewe ulikuwa umelala!"

"Mtu anateleza mgongoni, amelala vipi? Sikilizeni vizuri. Manyanga yakinyamaza kuna kasauti kadogo, eh, kama paka. Huyo ni mimi."

"Hiyo ni saksafoni! Asali imekupanda kichwani."

"Mwulize huyo binamu yangu, yeye ni mtu wa haki."

Basi wakanigeukia mimi. Nimerudisha mkanda, nimesogeza sikio hadi likapata moto. Kuna kitu pale, kwa kweli kipo, kidogo, chembamba. Upande mmoja ni saksafoni inajiandaa. Upande mwingine, nilimwona yule mzee mfupi akipiga, na pale alikuwa ameshusha saksafoni anafuta mdomo. Lakini labda siku ile ya Tabora hakuishusha. Nimewaambia wote wawili kwamba sijafikia uamuzi. Wote wawili wamenikasirikia, tena sawasawa, na hiyo walau nadhani ni haki.